Ukiwa na ugonjwa wa kudumu: namna ya kuilinda ajira yako Tanzania Bara

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyeajiriwa Tanzania Bara, hasa katika sekta binafsi, ambaye daktari amemweleza kwamba ugonjwa alionao ataishi nao: kisukari, shinikizo la damu, selimundu, kifafa, pumu, figo, saratani, VVU, au ugonjwa wa akili unaohitaji dawa za kila siku. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wafanyakazi wenzangu kuandaa nyaraka za migogoro ya kazi, na jambo moja limejirudia mno kiasi kwamba siwezi tena kuliita bahati mbaya. Wagonjwa wengi hupoteza kazi kwa sababu ya karatasi. Ama hawakuwa na karatasi waliyopaswa kuwa nayo, ama walitia sahihi karatasi ambayo hawakupaswa kuitia sahihi, ama waliifikisha karatasi yao panapohusika siku zikiwa zimekwisha pita. Kwa hiyo nitazungumzia zaidi karatasi na siku, na nitataja vifungu pale tu vinapokusaidia kuandika au kujibu barua.

Sheria kuu inayohusika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Desemba 2006. Ukiwa mtumishi wa umma, njia ya kudai haki ni tofauti, kwa sababu tangu marekebisho ya mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma inakutaka umalize kwanza ngazi zote zilizowekwa ndani ya utumishi, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kufika kwenye vyombo vya kazi. Aliyeajiriwa Zanzibar ana sheria yake, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na asizitumie siku wala vifungu vya hapa. Ikumbukwe pia kuwa sheria za kazi hurekebishwa mara kwa mara, hususan viwango vya fidia, hivyo kabla ya kutaja kiasi chochote mbele ya mwajiri, soma toleo la karibuni au muulize anayelifahamu.

Jina la ugonjwa wako mbele ya sheria

Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, au mwombaji wa kazi, kwa misingi kadhaa iliyotajwa kwa majina: rangi, utaifa, kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri na mengineyo. Ukiisoma orodha hiyo kwa makini utaona kwamba maneno “ugonjwa wa kudumu” hayamo, na jambo hili si dogo hata kidogo. Anayeishi na VVU amelindwa kwa jina la hali yake. Anaongezewa kinga na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, Namba 28 ya mwaka 2008, inayokataza unyanyapaa na ubaguzi, inayomtaka anayetunza majibu ya vipimo ayafanye siri, na isiyoruhusu mtu kulazimishwa kupima isipokuwa katika mazingira machache iliyoyataja, kama vile amri ya mahakama. Kumtaka mwombaji wa kazi alete majibu ya kipimo cha VVU si utaratibu unaokubalika, hata kama fomu ya kampuni imechapwa vizuri na ina mhuri.

Mwenye kisukari aliyepoteza sehemu ya uwezo wa kuona, au mwenye selimundu ambaye nyonga imeharibika, anaweza kujenga hoja ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtazama mtu kwa hitilafu ya mwili, akili au hisi aliyonayo pamoja na vikwazo anavyokutana navyo katika jamii na katika taasisi, wala haiishii kwa anayetumia kiti cha magurudumu. Lakini mwenye presha inayodhibitiwa kwa kidonge kimoja asubuhi atapata tabu kuthibitisha ulemavu, na si busara kumpa matumaini ambayo mwamuzi atayavunja. Kinga yake kubwa iko kwenye vifungu vya likizo ya ugonjwa, kazi za usiku na kuachishwa kazi, ambavyo havijali ugonjwa unaitwaje. Ndiyo maana nawashauri watu wasilijenge dai lao juu ya nguzo moja ya ubaguzi.

Pamoja na hayo, ukishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwapo unahamia kwa mwajiri. Yeye naye anaruhusiwa kujitetea kwamba sharti aliloweka linatokana na asili ya kazi yenyewe. Dereva wa lori la mafuta aliyeanza kupata degedege za kifafa hatashinda kwa kudai arudishwe kwenye usukani. Atakachodai kwa haki ni kufikiriwa kazi nyingine kabla ya kuambiwa aende nyumbani.

Likizo ya ugonjwa ihesabiwe mapema

Kifungu cha 32 kinampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kila mzunguko wa likizo, na mzunguko huo kwa likizo hii ni miezi 36 ya ajira mfululizo. Siku 63 za mwanzo zinalipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata zinalipwa nusu mshahara. Mwenye chini ya miezi sita ya utumishi kwa kawaida hajafikia haki ya likizo ya malipo, kwa hiyo mtu anayeanza kazi mpya akiwa tayari mgonjwa apange mahudhurio yake ya kliniki akilijua hilo.

Siku hizo zinaonekana nyingi hadi utakapozigawa. Chukua mtu anayehudhuria kliniki ya kisukari siku moja kila mwezi: katika miezi 36 atatumia siku 36, na zitambakia 90 kwa ajili ya kulazwa au kuuguza kidonda cha mguu. Sasa mchukue mtu anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Akihesabiwa likizo siku nzima kila anapokwenda, siku 126 zitamwishia katika wiki ya 42, yaani kabla mwaka wa kwanza haujaisha, na nusu ya muda huo atakuwa analipwa nusu mshahara kwa siku hizo. Mtu wa namna hii asisubiri likizo imwishie ndipo aanze kuzungumza. Aende kwa mwajiri mapema, akiwa na ratiba ya hospitali mkononi, aombe kwa maandishi kubadilishiwa zamu au kuhudhuria matibabu saa ambazo si za kazi, ili siku zake za likizo zibaki kwa ajili ya wakati atakapokuwa kitandani kweli.

Malipo ya likizo hii yanategemea cheti cha daktari aliyesajiliwa, au tabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na sheria inasema mwajiri asikatae kumkubali bila sababu ya msingi. Usipoleta cheti, mwajiri halazimiki kukulipa. Hapa ndipo karatasi ya mapumziko, ambayo maofisini na viwandani tunaiita ED, inapokuwa na thamani kuliko watu wanavyodhani. Kabla hujatoka dirishani hospitalini hakikisha ina jina lako kamili kama lilivyo kwenye mkataba wa ajira, tarehe ya kuanza na ya kumaliza mapumziko, jina na sahihi ya daktari, na mhuri wa kituo unaosomeka. Ipige picha kwa simu hapo hapo. Ukiifikisha kazini, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa au iliyoandikwa “imepokelewa” pamoja na tarehe na sahihi ya aliyepokea. Na kama ofisi haina desturi hiyo, itume picha hiyo kwa namba ya simu au barua pepe ya afisa rasilimali watu, ukiiambatanisha na sentensi moja ya maelezo. Mwenzako akikupelekea kwa sababu umelazwa, mwombe afanye vivyo hivyo.

Kuna kinga moja ambayo wafanyakazi wachache wanaifahamu. Kifungu cha 41 kinamzuia mwajiri kutoa notisi ya kusitisha ajira wakati mfanyakazi yuko likizo inayotolewa na sheria hii, na vilevile kuifanya notisi iende sambamba na likizo hiyo. Barua ya kukuachisha kazi ikikufikia wodini, andika nyuma yake tarehe na saa uliyoipokea na jina la aliyeileta, kisha uitunze.

Barua ya daktari iseme kazi, isiishie kutaja ugonjwa

Miaka michache iliyopita alinijia mlinzi mmoja wa kampuni binafsi ya ulinzi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye kisukari cha kuchoma insulini. Nyumbani hakuwa na jokofu. Dawa yake aliihifadhi kwenye chungu kidogo cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa maji, na usiku wa lindo aliibeba kwenye chupa ya chai yenye maji ya baridi. Sukari yake ilikuwa ikishuka mnamo saa tisa usiku, na mara mbili alikutwa ameanguka pembeni ya geti. Daktari alimwandikia karatasi yenye maneno mawili tu, “kazi nyepesi”. Msimamizi akaisoma, akamrudishia, akamwambia kwamba kwenye ulinzi hakuna kazi nyepesi, na kwa kweli sikuweza kumlaumu sana kwa jibu hilo, kwa kuwa karatasi ile haikumwambia afanye nini.

Tulirudi kliniki na kumweleza daktari kazi ilivyo: zamu ya saa kumi na mbili, kula kunakotegemea mwenzake kufika, hakuna mahali pa kuhifadhi dawa. Barua ya pili iliandika kwamba mgonjwa huyu kiafya hafai kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kwamba anahitaji kula kwa saa maalumu, na kwamba hali hiyo itapitiwa upya baada ya miezi sita. Jina la ugonjwa halikutajwa popote. Ndani ya wiki mbili alihamishiwa geti la mchana.

Kilichofanya kazi pale ni kifungu cha 20. Usiku, kwa mujibu wa sheria hii, ni muda wa baada ya saa 2 usiku hadi kabla ya saa 12 asubuhi, na mwajiri amekatazwa kumpangia kazi za usiku mfanyakazi aliyethibitishwa na daktari kuwa hafai kuzifanya. Kama tayari yuko kwenye zamu hiyo, mwajiri anawajibika kumhamisha. Cheti chenye maneno ya kifungu chenyewe hakimwachii msimamizi nafasi ya kubishana. Kwa hali hiyo, unapokwenda kwa daktari, usimwombe tu “anisaidie barua”. Mweleze kazi yako hatua kwa hatua, unabeba uzito gani, unasimama saa ngapi, unapanda ngazi ngapi, joto la mahali pa kazi likoje, kisha mwombe aandike mambo manne: usichoweza kufanya, unachoweza kufanya, kwa muda gani, na lini atakupima tena. Mwenye pumu anayefanya kazi kwenye ghala la saruji anahitaji barua inayotaja vumbi. Mwenye figo anayeshinda kiwandani anahitaji barua inayotaja joto, maji na choo. Muda wa mapumziko hauhitaji hata barua, kwa kuwa sheria inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo angalau dakika 60 za kupumzika, lakini kama unahitaji zigawanywe ili ule mara mbili, daktari aliandike hilo pia.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama mtu analazimika kumwambia mwajiri anaumwa nini. Ushauri wangu ni kutenganisha ugonjwa na mipaka yake. Mwajiri anahitaji kujua mipaka ili akupangie kazi. Jina la ugonjwa mara nyingi halimsaidii kitu, na likishaingia kwenye faili linaweza kufika hadi kantini. Ipo hali inayobadilisha ushauri huu, nayo ni pale ambapo kunyamaza kwako kunaweza kumdhuru mtu mwingine, kama vile kwa dereva, mwendesha winchi au anayefanya kazi juu ya mnara. Hapo useme. Ukishaitoa taarifa yoyote ya afya, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na anayezikusanya anawajibika kuzilinda. Juu ya barua yako andika “siri”, iweke kwenye bahasha, na taja kwa jina mtu mmoja unayemruhusu aisome.

Mwajiri anapodai kwamba huwezi tena kazi

Sheria haimzuii mwajiri kabisa kumwachisha kazi mtu ambaye afya yake haimruhusu tena kufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kifungu cha 37 kinataka awe na sababu halali, na uwezo wa mfanyakazi ni mojawapo ya sababu zinazotambuliwa, lakini pia kinataka afuate utaratibu wa haki, na kinatamka wazi kwamba ulemavu, au jambo lolote linalohesabika kuwa ubaguzi, haliwezi kuwa sababu halali. Kinga hii ya kutoachishwa isivyo haki huanza mfanyakazi anapotimiza miezi sita kazini.

Utaratibu wenyewe umeelezwa katika Kanuni za Mwenendo Bora za mwaka 2007, yaani Tangazo la Serikali Namba 42. Kwa maneno mepesi, mwajiri anapaswa kuangalia chanzo cha ugonjwa au jeraha, ukubwa wa tatizo, kama ni la muda au la kudumu, kama inawezekana kukupangia kazi tofauti au kuirekebisha uliyo nayo, na kama kuna fidia au pensheni utakayoipata. Anapaswa kupata maoni ya daktari. Anapaswa kukuita, kukueleza anachokifikiria na kukusikiliza, nawe una haki ya kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Ugonjwa uliotokana na kazi yenyewe unamwongezea wajibu wa kukutafutia nafasi nyingine, na hapo usisahau dai tofauti katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa na sheria ya mwaka 2008.

Unapoitwa kwenye kikao cha namna hiyo, omba wito wa maandishi wenye ajenda. Nenda na barua ya daktari, orodha ya kazi nyingine zilizopo hapo hapo kazini ambazo unaweza kuzifanya, na mtu wa kuandika yanayosemwa. Orodha hiyo ya kazi nyingine ina uzito mkubwa. Nimeona kesi ambazo mwajiri alidai hakuna nafasi, kumbe wiki hiyo hiyo alikuwa amebandika tangazo la kutafuta karani wa stoo, na picha ya tangazo hilo ndiyo iliyomwumbua.

Sahihi iliyotiwa kwa haraka ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Mama mmoja aliyekuwa mpishi wa kantini alirudi kazini baada ya kufanyiwa upasuaji wa titi. Siku ya pili aliitwa ofisini, akawekewa mezani karatasi mbili, moja ikiwa hati ya malipo na nyingine ikiwa barua iliyokwisha chapwa, inayosema kwamba yeye mwenyewe ameomba kuacha kazi kwa sababu za kiafya. Aliambiwa hundi iko tayari ila haiwezi kutoka bila barua. Ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa, akatia sahihi zote mbili. Alipokuja kwangu tulikuwa na hoja ya kwamba alilazimishwa, kwani sheria inatambua kuwa mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira yasiyovumilika amehesabika kuachishwa. Lakini mzigo wa kuonyesha hivyo ulikuwa wake, na chumba kile kilikuwa na watu watatu tu, wawili kati yao wa upande wa mwajiri. Aliishia kukubali kiasi kidogo kwenye usuluhishi. Mpaka leo nikiikumbuka ile barua naumia, kwa sababu pasipo sahihi yake mwajiri ndiye ambaye angetakiwa kuthibitisha kila kitu.

Ukiwekewa karatasi ya namna hiyo, sema kwa utulivu kwamba unaomba nakala ukaisome nyumbani. Ukilazimika kutia sahihi kuthibitisha tu kwamba umeipokea, andika kwa mkono wako, juu ya sahihi, “nimeipokea tu, sijakubaliana na yaliyomo”, kisha tarehe. Malipo ambayo ni haki yako, kama mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo ambayo hukuitumia, hayanunuliwi kwa barua ya kujiuzulu.

Siku 30 na Fomu Namba 1

Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaijua kwa herufi CMA na ambayo ina ofisi mikoani. Muda wa kupeleka dai ni siku 30 tangu ajira ilipositishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuisitisha. Migogoro mingine, kama kunyimwa malipo ya likizo ya ugonjwa au kubaguliwa ukiwa bado kazini, ina siku 60. Ajira ikikoma tarehe 4 Machi, fomu yako iwe imepokelewa kufikia tarehe 3 Aprili, na Jumapili na sikukuu za katikati zimo kwenye hesabu. Usizingoje ahadi za “subiri bosi arudi safari”.

Fomu inayotumika ni CMA F.1. Ina sehemu ya ziada, Sehemu B, ambayo inajazwa na mwenye mgogoro wa kuachishwa kazi pekee. Anayedai malipo au ubaguzi akiwa bado kazini asiiguse. Andika kila unachokidai, kwa sababu ni vigumu baadaye kupewa ambacho hukukiomba: kama unataka kurudishwa kazini, liandike hilo, na kama unataka fidia, andika ya miezi mingapi. Nakala moja mpelekee mwajiri kwanza, upate uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo uwasilishe fomu kwenye ofisi ya Tume pamoja na uthibitisho huo. Lugha isikutishe, kwa kuwa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza, na maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka yana nguvu ile ile.

Kama siku zimepita kwa sababu ulikuwa umelazwa, njia haijafungwa. Jaza pia CMA F.2, ambayo ni ombi la kuongezewa muda, na uambatanishe kiapo kinachoeleza kila siku ya kuchelewa. Narudia, kila siku. Mwamuzi atataka kuona karatasi ya kulazwa, karatasi ya kuruhusiwa, na maelezo ya siku ulizokuwa nyumbani baada ya kuruhusiwa. Pengo la siku kumi lisilo na maelezo linaweza kuliangusha ombi zima.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambao sheria inaupa siku 30 isipokuwa pande zote mbili zikikubaliana kuongeza. Usiposhindikana, unaishia kwa makubaliano ya maandishi. Ukishindikana, mgogoro unakwenda kwenye uamuzi, ambako mashahidi wanaapa na nyaraka zinapokelewa. Kwa mgonjwa hatari iko kwenye mahudhurio, kwa sababu msuluhishi anaweza kulitupilia mbali dai la mlalamikaji asiyefika. Siku ya kikao ikigongana na siku ya matibabu, peleka barua mapema ukiambatanisha kadi ya kliniki, au mtume mwakilishi, ambaye anaweza kuwa kiongozi wa chama chako, wakili, au mtu uliyemchagua mwenyewe. Ambaye hakuridhika na tuzo ya mwamuzi anaomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita.

Anayeshindwa kumlipa wakili atafute msaada wa kisheria unaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, kwa wasaidizi wa kisheria wa wilayani au kwenye taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mwanachama wa TUICO, CHODAWU au chama kingine aanze na katibu wa tawi lake; makato ya kila mwezi yanamstahilisha uwakilishi huo.

Ukikubali kwamba huwezi kuendelea

Wapo ambao, baada ya kuyatafakari na familia, wanaona kazi haiwezekani tena. Hao nao wana vya kudai. Mfanyakazi aliyeachishwa kwa sababu ya uwezo, akiwa ametimiza angalau mwaka mmoja, anastahili kiinua mgongo cha ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Mwenye ujira wa msingi wa shilingi 15,000 kwa siku na miaka 8 kazini atapata 15,000 mara 7 mara 8, yaani shilingi 840,000. Haki hiyo inapotea kwa aliyepewa kazi mbadala akaikataa bila sababu ya msingi, kwa hiyo ukiikataa, eleza sababu zako kwa maandishi na uambatanishe barua ya daktari. Ongeza hapo notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, au malipo badala yake, likizo ya mwaka ambayo hukuichukua, cheti cha utumishi, na nauli ya kukurudisha wewe na familia yako mahali ulipoajiriwa kama si hapo unapofanyia kazi.

Kabla hujakabidhi kitambulisho cha kazi, nenda NSSF ukaombe taarifa ya michango yako na uulize kuhusu pensheni ya ulemavu, ambayo hutolewa kwa mwanachama aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi na kutimiza masharti ya michango. Ukikuta miezi ambayo mshahara ulikatwa lakini mchango haukuwasilishwa, zitoe hati za mishahara ya miezi hiyo na uandikishe malalamiko hapo hapo. Uliza pia bima ya afya uliyokuwa ukikatwa kazini itakoma tarehe gani, ili dawa za mwezi huo zichukuliwe kabla kadi haijafungwa, na hospitalini umwone afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa matibabu. Kwenye bahasha moja weka mkataba wa ajira, hati za mishahara, karatasi zote za mapumziko, barua za daktari, na nakala za barua ulizopokea zikiwa na tarehe za kupokelewa, kisha nakala ya bahasha hiyo mwachie mtu wa nyumbani anayejua ilipo, ili siku ukilazwa asihitaji kukuuliza.